Kung'oa Jino: Lini, Wapi na kwa Mkono wa Nani

Mkazi wa Lusahunga anayeumwa jino huwa karibu na dawa kuliko alivyo karibu na daktari. Maduka ya dawa yapo katika senta, na kwa wale wanaoishi kandokando ya barabara kuu, ambako malori ya kwenda Rusumo hupita usiku na mchana, duka hufunguliwa mapema na kufungwa kwa kuchelewa. Kwa sababu hiyo safari ya jino bovu hufuata njia ileile kwa watu wengi. Mwanzoni jino hushtuka kwa maji baridi au kwa chai yenye sukari. Baada ya wiki kadhaa huuma usiku, mgonjwa akakosa usingizi, akameza vidonge vya kutuliza maumivu, kisha akaongeza vidonge viwili vitatu vya antibiotiki alivyouziwa bila cheti. Halafu siku moja maumivu hukoma yenyewe. Mgonjwa humshukuru Mungu, hurejea shambani, na jino husahauliwa.

Makala hii imeandikwa hasa kwa ajili ya siku hiyo ambayo maumivu hukoma, kwa kuwa ndiyo siku ambayo wengi wetu hukosea.

Jino halifanani na jiwe, ingawa kwa nje ni gumu kuliko mfupa. Ndani yake kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hupata uhai kupitia tundu dogo lililo kwenye ncha ya mzizi. Bakteria wanaoishi katika utando unaoganda juu ya meno hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha jino taratibu hadi kutoboka. Tundu likifika kwenye kiini, kiini huvimba. Kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina nafasi ya kutanuka, na hapo ndipo penye maumivu yale ya usiku ambayo hakuna mkao wa kichwa unaoyatuliza. Baada ya muda kiini hufa. Mshipa uliokufa hauumi. Kwa hiyo ukimya wa jino lililokuwa likipiga kelele kwa wiki nzima hauna maana kwamba limepona. Maana yake ni kwamba uchafu umeanza kushuka mzizini kuelekea kwenye taya.

Kutoka hapo mambo huweza kwenda polepole kwa miezi au hata miaka: kijipu kidogo kwenye ufizi kinachopasuka na kurudi, ladha mbaya kinywani, shavu linalovimba na kunywea. Huweza pia kwenda kwa kasi ya kutisha. Usaha wa magego ya chini, hasa yale mawili ya mwisho, una njia ya kuteremka chini ya ulimi na chini ya kidevu. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo waganga huuita kwa jina lake. Mgonjwa huvimba chini ya kidevu pande zote mbili, eneo hilo huwa gumu kama ubao, ulimi huinuliwa juu, mate hushindwa kumezwa, sauti hubadilika kama ya mtu mwenye chakula cha moto mdomoni, na mwishowe njia ya hewa huziba. Mtu mwenye dalili hizo asipelekwe duka la dawa wala asisubirishwe hadi gulio liishe. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na usafiri pekee uliopo ni bodaboda. Akae wima njiani. Asilazwe chali.

Wengine hupaka jino tumbaku, mafuta ya taa, au hata maji ya betri. Tumewaona pia waliosaga asprini na kuiweka kwenye ufizi. Asprini humezwa, ikiwekwa kwenye ufizi huunguza nyama ikabaki na kidonda cheupe, na mgonjwa hufika kwetu akiwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Sasa, jino kama hilo lipelekwe wapi? Zahanati ya kijiji ndiyo mlango wa kwanza, lakini kwa kawaida haina kiti cha meno. Kazi yake ni kumpima mgonjwa, kumpa dawa sahihi kwa kipimo sahihi, na kumwandikia rufaa. Kwa mpangilio wa huduma za afya nchini, kitengo cha kinywa na meno hupatikana katika hospitali ya wilaya, na katika vituo vya afya vilivyopata mtaalamu na vifaa. Mwananchi aulize zahanati yake ni kituo kipi cha jirani kinachotoa huduma hiyo na ni siku zipi, ili asipoteze nauli. Akifika atakutana na tabibu wa meno mwenye stashahada, au na daktari wa meno mwenye shahada. Mafunzo ya shahada hiyo hapa nchini yalianza mwaka 1979 Muhimbili, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tabibu na daktari wote wawili wamefunzwa na kuruhusiwa kung'oa jino. Jino lililokaa vibaya ndani ya mfupa, jipu lililoenea au taya lililovunjika huhitaji rufaa ya juu zaidi, kama vile Chato, Bukoba au Bugando jijini Mwanza.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba mtaalamu mzuri haanzi na koleo. Huanza kwa kuuliza kama jino linaweza kubaki. Jino lenye tundu ambalo bado halijafika kwenye kiini huzibwa, na hilo halihitaji hata mashine ya umeme. Hapa tunayo sababu ya kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, alianza kutumia njia ya kuchokoa uozo laini kwa vifaa vya mkono pekee na kuziba tundu kwa dawa inayogandamana na jino, ili watu wa vijijini kusiko na umeme nao wapate huduma. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Leo inatumika katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Ilizaliwa Tanzania, na hata hivyo katika vijiji vyetu bado mtu huja akisema, "Nitolee tu, Daktari, nimechoka nalo," kabla hata hajafungua kinywa.

Ombi hilo hutusikitisha zaidi linapotolewa kwa ajili ya mtoto. Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni, na mtu mzima aliyekamilika huwa na 32. Karibu na umri wa miaka sita, magego manne ya ukubwani huchipuka nyuma kabisa ya meno ya utotoni, mawili juu na mawili chini. Hayaanguki, na wala hayachukui nafasi ya jino lililong'oka. Kwa kuwa hakuna jino lililotoka ili kuyapisha, mzazi huyadhania kuwa ni ya utotoni, na yakitoboka husema yaachwe, yatang'oka yenyewe na mengine yataota. Hayaoti. Jino hilo ndilo tunaloling'oa mara nyingi kwa watoto wa miaka 10 na 12, na pengo lake humfuata mwenyewe hadi kaburini. Mzazi, mwambie mwanao wa darasa la kwanza afungue kinywa leo jioni, uhesabu kutoka katikati hadi la sita. Ukiliona jino la sita, ujue hilo ndilo analopaswa kulitunza maisha yake yote: apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, na uji wenye sukari usiwe kitu cha mwisho kinywani mwake usiku.

Meno ya mtoto yanatufikisha kwenye jambo zito zaidi, nalo ni ung'oaji unaofanyika bila daktari. Wazee wa kata hii wanayajua yale yanayoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Katika miaka ya 1980 hofu hiyo ilienea kwa kasi katika sehemu nyingi za Tanzania, na majirani zetu wa Uganda wanayo pia. Wao huita ebiino. Mtoto mchanga wa miezi michache hupata homa, huharisha, hutapika, hukataa titi. Jirani humfungua kinywa, akaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali panapotarajiwa kuota chonge, na kutamka kwamba hilo ndilo linalomuua mtoto. Huitwa mtaalamu wa jadi, naye hulichimbua kwa spoku ya baiskeli, kwa ncha ya kisu au kwa ukucha, bila ganzi. Kisha huwaonyesha wazazi kitu kidogo, cheupe na laini. "Mmeona? Plastiki."

Wazazi husadiki, na si kwa ujinga, kwa sababu kweli wameona kitu laini kisichofanana na jino. Lakini hilo ni jino. Ni chonge la utotoni ambalo lilikuwa bado likijengwa, na kila jino la binadamu huanza likiwa laini hivyo kabla madini hayajaligandisha. Uvimbe ule ulikuwa ufizi uliotuna juu ya jino linalokua, na mtoto mwenye afya tele anao vilevile. Ni kwamba kinywa chake hakuna anayekifungua kukichunguza. Homa ilikuwa na chanzo chake, ambacho katika mkoa wetu mara nyingi ni malaria, na kama si malaria basi nimonia au kuharisha kunakotokana na maji machafu.

Madhara ya tendo hilo ni mengi kuliko pengo. Mtoto mchanga ana damu kidogo, na damu inayoonekana chache kwa macho ya mtu mzima yaweza kumfikisha kwenye upungufu wa kutisha. Spoku iliyotumika kwa mtoto wa kwanza hupeleka kwa wa pili pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kijusi cha chonge la ukubwani kimekaa jirani kabisa na lile la utotoni, hivyo huumizwa pamoja nalo, na miaka 11 baadaye msichana hustaajabu kwa nini chonge lake halikuota au limeota likiwa kibyongo. Na la kuumiza kuliko yote ni muda. Saa zilizotumika kumtafuta mchimbaji na kungoja matokeo ni saa ambazo mtoto angekuwa amepimwa malaria kwa kipimo cha haraka, au amepewa maji yenye chumvichumvi na vidonge vya zinki. Watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali, kwa hiyo katika jambo hili mchimbaji ana gharama kubwa kuliko zahanati.

Kuna watoto wachache wanaozaliwa na jino tayari. Mababu wa Kiswahili walikuwa na neno kwa ajili yao na kwa wale waliotangulia kuota meno ya juu, kigego, na jina hilo lilibeba mkosi ambao mtoto hakuutenda. Jino la kuzaliwa nalo halina mkosi. Likiwa limelegea kiasi cha kuhofiwa kumezwa, au likimjeruhi mama anaponyonyesha, daktari huliondoa kwa usalama. Likiwa imara huachwa.

Turudi kwa mtu mzima ambaye amepimwa, na imeamuliwa kwamba jino lake haliokoki. Ale kabla ya kuja, kwa kuwa njaa na hofu vikikutana juu ya kiti huleta kizunguzungu. Mwenye shinikizo la damu ameze dawa zake kama kawaida. Kabla ya sindano ataulizwa maswali mengi, na ni vyema ayajibu kwa ukweli hata kama yanaonekana hayahusiani na kinywa: kama ana kisukari, presha, ugonjwa wa moyo au pumu, kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, kama amewahi kutokwa damu isiyokoma, kama kuna dawa inayomdhuru. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU aseme. Hilo halimnyimi huduma. Mama mjamzito naye aseme. Miezi ya katikati ya ujauzito ndiyo mizuri zaidi kwa kazi hii, lakini jino lenye usaha halisubiri mama ajifungue, kwa kuwa usaha ni hatari kwake na kwa mtoto kuliko sindano.

Ganzi inayotumika zaidi ni lignokeini, iliyogunduliwa nchini Sweden mwaka 1943. Huchomwa kando ya jino au nyuma ya taya, na baada ya dakika chache mdomo huwa mzito kana kwamba si wa mwenyewe. Kinachofuata watu hukisimulia vibaya, wakawatisha wenzao. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi hisia ya kusukumwa. Mgonjwa atahisi daktari akikandamiza na kutikisa, na atasikia mlio wa mzizi ukiachana na mfupa, mlio ambao hufika sikioni kwa nguvu kwa sababu taya na sikio ni majirani. Hayo ni ya kawaida. Maumivu makali hayakubaliki. Ukiyahisi inua mkono, na daktari ataacha na kuongeza dawa.

Wapo wanaosema sindano "haikushika", na wanasema kweli. Mahali penye usaha huwa na asidi, na asidi hudhoofisha ganzi. Ndiyo maana mtu aliyekaa na jipu wiki mbili hupata tabu ambayo aliyekuja mapema haipati. Wakati mwingine daktari hulazimika kuchoma sindano mbali na uvimbe, au kutoa usaha kwanza na kumpangia siku nyingine. Mgonjwa asidhani kwamba amefukuzwa.

Kuhusu hofu kwamba kung'oa jino la juu hupofusha jicho, hakuna mshipa wa jicho unaopita katika jino lolote. Mizizi ya magego ya juu imepakana na uwazi wenye hewa ulio ndani ya shavu, na huko ndiko usaha huweza kupanda na kuufanya uso chini ya jicho kuvimba. Anayefumba jicho kwa uvimbe huo ameponzwa na jino lililobaki kinywani.

Vifaa vyote vinavyoingia kinywani huchemshwa kwa mvuke uliobanwa, wenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Sindano na ganzi hufunguliwa vipya kwa kila mtu. Mwananchi ana haki ya kuuliza na kuonyeshwa. Ana haki pia ya kuambiwa bei kabla ya kukaa kitini, kulipa kwa kumbukumbu namba ya Serikali na kupewa risiti. Mwenye kadi ya bima aje nayo.

Jino likishatoka, mgonjwa hupewa pamba au shashi ya kuuma kwa nguvu kwa muda wa nusu saa. Katika shimo lile damu huganda, na donge hilo ndilo kifuniko cha kidonda. Kila kitu tunachokataza siku ya kwanza tunakikataza kwa ajili yake. Usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinywe pombe, usichokoe kwa kijiti. Chakula kiwe laini na kilichopoa. Mtoto achungwe asije akautafuna mdomo wake mwenyewe wakati bado una ganzi. Baada ya saa 24 sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja, mara kadhaa kwa siku. Mswaki uendelee kwa meno mengine kama kawaida. Kwa maumivu, parasetamoli humtosha mtu wa kawaida, na antibiotiki hutumiwa pale tu zilipoandikwa, zikamalizwa zote.

Mate yenye rangi ya damu usiku wa kwanza hayana neno. Damu ikitiririka, kunja kitambaa safi kilicholowa maji, uking'ate juu ya shimo kwa nusu saa nzima bila kukitoa kutazama, isipokoma, rudi. Wavutaji wa sigara hasa huweza kupata maumivu mapya yenye harufu mbaya kati ya siku ya pili na ya nne, maana yake donge limetoka na mfupa umebaki wazi. Kwa hilo kidonge hakitoshi, shimo huoshwa na kuwekewa dawa. Rudi pia kwa homa, kwa uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, au kwa kinywa kisichofunguka. Na ikiwa ulishonwa, ziko nyuzi zinazoyeyuka zenyewe na ziko zinazotolewa baada ya siku saba hivi. Muulize aliyekushona ametumia zipi kabla hujashuka kwenye kiti, ili ujue kama utahitaji nauli ya kurudi.